Mtandao wa Umma Kando ya Ziwa: Nani Atalipa Bili ya Mwezi?



Hoja yangu jioni hii ni moja. Hapa Kisumu na ufuoni kote mwa ziwa, kuuleta mtandao si kazi ngumu tena. Kazi ni kuudumisha. Wa kuzindua hawakosekani. Anayeadimika ni wa kulipa umeme, kubadilisha betri na kumpa mhudumu mshahara mwaka wa tatu, wapiga picha wakiwa wameshaondoka.

Tulikotoka si mbali. Hadi 2009 intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka huo mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilitua Mombasa, na serikali ikatandaza mkongo wa taifa, NOFBI, kuelekea kaunti za bara. Lakini mkongo ukifika makao makuu ya kaunti haujafika miji midogo ya ufuoni kama Mbita na Usenge, wala visiwani.

Pengo hilo liliwahi kuzibwa kutoka angani. Julai 2020, kampuni ya Loon, tanzu ya Alphabet, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa huduma kwa maputo kama 35 yaliyoelea takribani kilomita 20 juu yetu. Eneo lililolengwa lilikaribia kilomita za mraba 50,000, na Kisumu ilikuwemo, pamoja na Kakamega na Kisii. Januari 2021 ikatangazwa kwamba Loon inafungwa kwa kuwa gharama hazikushuka vya kutosha biashara ijisimamie. Kufikia Machi huduma ilikuwa imekoma nchini. Mitambo ilifanya kazi. Hesabu ndizo zilizokataa, na hesabu hizo zilifanyiwa Marekani. Mvuvi wa mwalo wa Dunga hapa Kisumu hakuwa na kikao cha kuulizia.

Sasa tuvuke maji hadi kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay. Huko kituo cha jamii cha Ekialo Kiona kilifungua chumba cha kompyuta zinazotumia umeme wa jua. Mkazi alitumia intaneti bila malipo, mradi akubali kupimwa virusi vya UKIMWI kila miezi sita, majibu yawe yoyote yale. Tunaweza kubishana kama ni haki kufunga mlango wa mtandao kwa kufuli la afya. Mimi mwenyewe nina wasiwasi nalo. Lakini tazameni walichokifahamu: mtandao uliwekwa mahali panapojulikana, ukapewa watu wa kuulinda, na ukafungamanishwa na haja kubwa ya kisiwa chenyewe.

Najua kuna anayesema moyoni: siku hizi kila mtu ana simu, vituo vya nini? Simu na bando la siku vinatosha kutuma M-Pesa na kuuliza bei ya omena. Havitoshi kuomba mkopo wa elimu ya juu wa HELB, kupakia vyeti, kusajili biashara au kujaza ritani za kodi za KRA kabla ya 30 Juni. Hapo ndipo mama muuza samaki anapokwenda saiba, yaani duka la intaneti. Kijana wa saiba anamfungulia akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, anamchagulia nywila, kisha anaiandika kwenye daftari la mistari lililo kando ya printa, chini ya nywila za wateja wengine, jina na nambari ya kitambulisho pembeni. Hana nia mbaya. Mama akisahau, atarudi kuuliza. Lakini mambo yake yote na serikali sasa yako katika daftari la mtu asiyefungwa na kiapo chochote. Serikali imehamishia huduma zake mtandaoni, ikamwachia kijana huyo kazi ya karani wake.

Tufanye nini? Fedha hazikosi pa kuanzia. Sheria ya mawasiliano iliyorekebishwa 2009 iliunda Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kampuni zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka. Serikali nayo imeahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma na vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, sehemu ya Mfuko itengwe kisheria kwa gharama za kila mwezi, si minara na nyaya peke yake. Pili, kila kituo, kiwe maktaba, soko au ofisi ya BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, mwaloni, kiwe na mhudumu anayelipwa na aliyeapa kutunza siri za watu. Tatu, mkataba wa kila mtoa huduma utaje muda wa notisi na nani atashika kazi akiondoka, na idadi ya siku ambazo mtandao ulizimika ibandikwe ukutani kila mwezi, wenyeji wasome.

Haya yatapunguza idadi ya vituo tutakavyoweza kufungua. Na iwe hivyo. Vituo 300 vinavyofanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi vina manufaa zaidi kwa mwananchi kuliko 1,450 vilivyofungwa kwa deni la umeme. Kwa hiyo, atakapokuja kiongozi kukata utepe katika wadi yako, mpigie makofi, kisha umwombe akuonyeshe bajeti ya mwaka wa pili.