Namba ya Kazi Yako Kanada

Ukiomba kibali cha kazi Kanada utakutana na namba yenye tarakimu tano. Inatoka katika NOC, orodha ya serikali ya huko inayopanga kazi zote za nchi. Idara ya uhamiaji inatumia toleo la 2021 tangu Novemba 2022.

Itazame tarakimu ya pili, maana ndiyo inayoonyesha kiwango cha mafunzo. 0 ni menejimenti, 1 kwa kawaida ni shahada ya chuo kikuu, na hushuka hivyo hadi 5, kazi za kuelekezwa palepale kazini. Muuguzi aliyesajiliwa ni 31301. Msaidizi wa wauguzi, anayeogesha wagonjwa, kuwalisha na kuwageuza kitandani, ni 33102. Wote huku kwetu twaweza kuwaita “nesi”, lakini kwa afisa wa Kanada hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo usichague namba kwa cheo. Soma majukumu yaliyoandikwa chini yake, uyalinganishe na unachofanya kila siku. Na nakuomba sana, usimwachie wakala akuchagulie namba “inayopita haraka”. Jina kwenye fomu ni lako, na maelezo ya uongo yanaweza kukufungia mlango wa Kanada kwa miaka 5.

Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, bila malipo. Ukishapata namba, mwombe mwajiri barua inayotaja majukumu yako halisi, mshahara, saa za kazi kwa wiki, na tarehe ulizoanza na kumaliza.