Jicho Lako ni Amana

Haya niliyasema mbele ya vijana wetu wa Kitui na Makueni baada ya tarawehe, nikaombwa niyaandike.

Unaikumbuka ile foleni ya KICC Nairobi, mwanzoni mwa Agosti 2023? Maelfu walijipanga watazame ndani ya kifaa cha mviringo mfano wa mpira, wapigwe picha ya mboni. Mradi uliitwa Worldcoin, na mmoja wa waasisi wake ni Sam Altman, yule yule mkuu wa OpenAI iliyotengeneza ChatGPT. Hoja yao ni kwamba akili bandia itatufikisha mahali hatujui nani mtu nani mashine, basi kila binadamu athibitishwe kwa jicho lake. Yaani anayewasha moshi ndiye huyo huyo anauza miwani!

Aliyekubali alipewa sarafu za kidijitali, thamani yake kama shilingi 7,000. Sasa tusidanganyane. Ukiwa Mutomo au Kathonzweni, mvua imekataa na karo inadaiwa, elfu saba utaikataa? Mimi simlaumu aliyepanga foleni. Namlaumu aliyeijua shida yake akaifanya bei.

Serikali ilisimamisha shughuli ile tarehe 2 Agosti 2023. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua data zilichukuliwa kinyume cha sheria, na ridhaa iliyovutwa kwa pesa si ridhaa. Ikaamuru zifutwe ndani ya siku 7. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, ila wangapi tunaijua? Namba ya siri ikiibwa unabadilisha. Mboni je?

Haya, turudi kwetu, maana kuwasema wageni ni rahisi. Kila Ramadhan tunaandika orodha ya wajane na mayatima wa kupelekewa futari: jina, namba ya kitambulisho, simu, na shida ya kila nyumba. Kijana mmoja, tena kwa nia njema kabisa, alitaka orodha nzima iingizwe kwenye programu ya akili bandia ituchagulie nani apewe kwanza. Ingemaliza kwa dakika moja, sikatai. Lakini yule mama shida yake alituambia sisi, hakuiambia kampuni ya ng'ambo. Na akiachwa nje, atamwuliza nani sababu?

Hesabu ya magunia na safari za gari, wapeni mashine, hakuna neno. Majina yabaki kwenye daftari la katibu, na wa kwanza tumchague wenyewe, tukishafika mlangoni kwake.