Kobe wa Majini na Barabara Zetu



Kobe jike wa majini hutoka kwenye maji akataga mayai udongoni. Barabara ikipita kando ya kinamasi cha Sironga au Mto Gucha, huenda akakanyagwa na mayai yake tumboni. Watafiti humnasa, wakamchonga alama ndogo ukingoni mwa gamba, wakamwachilia. Akinaswa tena, wanajua ametembea hadi wapi. Nyinyi mnaochota maji pale mnajua mapema kuliko wao.

Sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini kabla ya barabara kuu kujengwa. NEMA ikiitisha maoni, semeni kobe huvukia wapi, kalavati iwekwe hapo. Na vijana wa bodaboda, mkimkuta njiani mvusheni upande anaoelekea. Ukimrudisha, atavuka tena.