Ngeli na Maneno ya Kigeni: Kitabu, Madigadi na Waziri



Wapo wanaodai hadi leo kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa na lugha za Kiafrika. Ushahidi wao ni hesabu ya maneno kamusini. Napenda tuuweke ushahidi huo kwenye mizani ya sarufi, na neno kitabu latosha kuanzia.

Katika Kiarabu, neno hilo limejengwa juu ya konsonanti tatu, k, t na b, na wingi wake ni kutub. Mswahili alipolisikia, alisikia ki- ya kiti na kisu, akasema vitabu. Kwa tendo hilo konsonanti ya kwanza ya mzizi ilitupwa pasipo majuto. Mwarabu akilisikia neno vitabu ana haki ya kushangaa. Mzizi uo huo ulituletea pia katibu na maktaba. Katibu akaingia katika kundi la viumbe, wingi wake makatibu, nayo maktaba ikatulia katika ngeli ya I-ZI. Ndugu watatu wa nyumba moja, kila mmoja na ngeli yake! Anayegawa nafasi hapa ni sarufi ya Kibantu.

Wageni kutoka Kiingereza walipokelewa vivyo hivyo. Amri ya barabarani ya kushika kushoto imekuwa, nchini Tanzania, kipilefti, na wingi wake vipilefti. Madigadi ya baiskeli yakazaa digadi. Nadhani hapa maana iliisaidia sauti: baiskeli huwa na madigadi mawili, hivyo ma- ikasikika kuwa ya wingi. Maktaba haikukatwa, kwa kuwa jengo ni moja. Waziri naye hakufanywa kuwa wingi wa "mziri", maana aliyeitwa hivyo alikuwa mtu mmoja, tukasema mawaziri.

Kwenye idadi mambo si mepesi. Twasema vitabu vitano na vitabu vinane, lakini vitabu sita, saba, tisa. Maneno haya matatu yametoka katika Kiarabu, nayo hayakubali upatanisho. Mtu aweza kudai kwamba hapo ugeni ndio uliozuia. Basi na atueleze kumi, neno la asili ya Kibantu, ambalo nalo hukataa kiambishi: vitabu kumi.