Utani na Tusi



Neno halipimwi mpaka ijulikane nani amemwambia nani, na wapi. Mzaramo akifiwa, mtani wake Mnyamwezi aweza kuingia matangani akamwita marehemu mlafi na bahili, hata akazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka katikati ya machozi. Hakuna aliyetukanwa, kwani msiba ukihamia upande wa pili, Mzaramo naye atalipa kwa maneno yayo hayo.

Sasa tazameni ofisini. Mkuu humwita tarishi mwenye umri wa baba yake "boi", jina ambalo wakoloni walimwitia mtumishi wa nyumbani hata awe na mvi. Akiulizwa, hujibu kwamba anatania tu. Utani gani huo? Tarishi hawezi kuurudisha. Akithubutu, ataandikiwa barua ya onyo.

Nami sijitoi katika lawama hii. Niliwahi kucheka pamoja na mkuu wa namna hiyo. Tarishi naye alicheka, akachukua vikombe vyetu, akatoka. Kesho yake nilimwamkia, hakuitikia.