Maji na Uchafu Kwenye Dizeli: Mazoea ya Zamani Yanavyoua Injini Mpya

Mada kwa semina ya madereva, mafundi na maofisa usafirishaji



Wengi tuliomo humu tulijifunzia kazi kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita ambayo hadi leo inapeleka chanjo na wagonjwa kwenye vijiji ambavyo lami haijafika. Injini ile ina subira. Ukiitilia dizeli iliyolala kwenye pipa lenye kutu itakohoa na kutoa moshi. Utashuka na spana, utalegeza nati za mabomba ya nozeli mpaka hewa na maji vitoke, utakaza, utawasha, safari inaendelea. Nozeli zikichoka unampelekea fundi pampu, anabadilisha ncha na kuzipima, kesho yake uko barabarani. Ninachotaka kusema leo ni kwamba mazoea hayo, yaliyotusaidia kwa miaka, ndiyo yanayomaliza magari tuliyokabidhiwa baadaye. Dizeli yetu haijawa mbaya kuliko ya zamani. Injini ndiyo iliyobadilika, sisi tukabaki tulivyokuwa.

Mgandamizo

Nozeli ya 1HZ hufunguka dizeli inapofikia bar 150 hivi. Kwenye injini za komoni reli, kama zile za Hilux na Prado za D-4D na malori mengi ya kisasa, pampu hujaza reli, yaani bomba la pamoja linalolisha injekta zote, kwa bar 1,600 hadi 2,000, na injini mpya zaidi hupita hapo. Tairi la lori hujazwa upepo wa bar 8 tu. Ili kuzuia mafuta ya nguvu hiyo yasivuje, vipande vya ndani ya injekta vimepishana kwa nafasi ya mikroni moja hadi tatu, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo uchafu unaoharibu injekta hauonekani kwa macho. Fundi anayechungulia filta na kusema "hii bado safi" anazungumzia uchafu mwingine kabisa.

Pampu na injekta hazilainishwi na oili ya injini. Zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Yakipita maji, chuma kinasuguana na chuma kikavu, na gari likilala na maji hayo, asubuhi kuna kutu mahali ambapo hata punje ya vumbi haikutakiwa kuwapo. Ncha ya injekta nayo inakaa ndani ya silinda, kwenye moto. Tone la maji likifika pale linageuka mvuke ghafla na linaweza kuvunja ncha. Injekta iliyovunjika au iliyokwama ikiwa wazi haipulizi tena, inamwaga. Dizeli inawaka juu ya pistoni mahali pamoja hadi pistoni inatoboka. Hapo hatuzungumzii tena nozeli, tunazungumzia kufungua injini.

Maji yanatoka wapi

Ukiuliza madereva, jibu la kwanza ni umande: tenki lilikuwa nusu, usiku ulikuwa wa baridi, hewa ya ndani ikatoa maji. Ni kweli inatokea, lakini tupige hesabu. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu kabisa hubeba gramu 30 hivi za maji kwa mita moja ya ujazo. Tenki lenye nafasi tupu ya lita 60 linakuwa na gramu zisizofika mbili. Hata zote zikidondoka usiku mmoja wa baridi pale Makambako, hazijazi nusu ya kijiko cha chai. Kujaza tenki jioni ni desturi nzuri na tuiendeleze, hasa kwa gari linaloegeshwa wiki nyingi, kwa sababu matone hujikusanya. Lakini dereva aliyekinga nusu lita ya maji chini ya filta asiusingizie umande. Maji yale yalinunuliwa kwa bei ya dizeli.

Mengi hutoka kwenye matenki ya chini ya vituo, hasa masika, mifuniko inapovuja. Juni 2025, mjini Ratlam nchini India, magari 19 ya msafara wa waziri mkuu wa jimbo la Madhya Pradesh yalizimika muda mfupi baada ya kujazwa dizeli kwenye kituo kimoja. Yalipofunguliwa, ndani mlikuwa na maji. Kama msafara wa mkubwa unapatwa, gari la zahanati litakosaje?

Hatari inaongezeka lori la mafuta linapokuwa kituoni likishusha mzigo. Maji na matope yaliyotulia chini ya tenki la kituo yanatibuliwa, na pampu inavuta kila kitu. Ukikuta lori linashusha, nenda kituo kingine. Kama hakuna kingine, subiri kwa saa chache. Mkaguzi wa kituo ana dawa anayopaka kwenye fimbo ya kupimia tenki, ambayo hubadilika rangi ikigusa maji. Mteja anayenunua lita mia tano kwa mwezi ana haki ya kuomba kipimo hicho kifanyike mbele yake. Meneja makini hakasiriki.

Halafu kuna mapipa yetu wenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu miradi mingi ya vijijini inaendeshwa kwa mapipa. Pipa lililosimamishwa nje hukusanya maji ya mvua juu ya mfuniko, ndani ya ule ukingo. Mchana dizeli inapata joto na kutanuka, hewa inatoka kupitia kizibo. Usiku inapoa na kusinyaa, na pipa linavuta ndani kilichopo juu ya kizibo, yaani maji ya mvua. Kizibo kilichokazwa kwa mkono hakizuii. Dawa ni kulilaza pipa juu ya mbao, chini ya paa, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kulia na kingine kushoto, ili dizeli ya ndani ivifunike. Kabla ya kutumia, lisimamishe na liache siku nzima litulie. Mrija wa pampu usifike chini. Acha sentimita kadhaa za mwisho zibaki, ukazimwage mahali panapofaa. Madumu ya mafuta ya kula na ya maji ya kunywa yasiingie katika kazi hii hata kwa dharura.

Uchakachuaji

Maji ni bahati mbaya au uzembe. Mafuta ya taa ndani ya dizeli ni biashara. Yalipokuwa na kodi ndogo, kila lita iliyochanganywa ilikuwa faida. Nchini Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba vya kutambulisha uchakachuaji kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei ife. Kenya ilichukua njia hiyo hiyo Septemba 2018 kwa kuweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita. Wapo waliolia, na walikuwa na haki, maana koroboi ya maskini ndiyo iliyolipia wizi wa wachache.

Kwa injini, ubaya wa mafuta ya taa ni wepesi wake. Hayalainishi. Na tangu Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipohamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, suala hili limekuwa zito zaidi: kazi ya kuondoa salfa kiwandani huondoa pia baadhi ya vitu vya asili vinavyolainisha, kwa hiyo dizeli huongezewa dawa ya kulainisha kwa kipimo maalumu. Ukiizimua, umeizimua na dawa hiyo.

Nasema haya nikiwatazama wachakachuaji, lakini nawatazama na mafundi wenzangu. Bado tupo tunaotia lita tatu za mafuta ya taa kwenye tenki "kusafisha nozeli", au spiriti "kukausha maji". Kwenye komoni reli acheni kabisa. Spiriti haiyatoi maji ndani ya gari. Inayasaidia kuchanganyika na mafuta na kupita filta, mahali pekee ambapo yangezuiwa.

Filta, na mkono unaoifunga

Chombo cha kutenganisha maji kinafanya kazi kwa sababu rahisi: lita ya maji ina kilo moja, lita ya dizeli ina gramu 840 hivi, kwa hiyo maji huzama. Kikijaa, taa ya filta yenye matone huwaka kwenye dashibodi. Kuna magari ambayo kifaa hicho kimeondolewa na mpira ukaunganishwa moja kwa moja "ili kisisumbue", na mengine ambayo waya wa taa umekatwa. Nashindwa kumwelewa fundi anayefanya hivyo na mwajiri anayemlipa.

Kuyamwaga maji ni kazi ya dakika kumi. Zima injini, weka chupa ya plastiki angavu chini, legeza kokwa ya chini ya filta kwa mkono mizunguko michache, bonyeza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu, kaza kwa mkono, endelea kubonyeza mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Taa ikirudi baada ya kilomita chache, tatizo liko kwenye tenki, nalo lifunguliwe na kumwagwa. Kuendelea kupiga stata ni kuisukumia pampu maji.

Tukija kwenye kubadilisha, kuna zoea moja lililozama sana: kujaza filta mpya dizeli kutoka kwenye dumu kabla ya kuifunga, ili gari liwake upesi. Kwenye 1HZ lilipita. Kwenye injini mpya, dizeli unayomimina kwenye tundu la katikati iko tayari upande uliochujwa. Haitapita kwenye karatasi, itakwenda moja kwa moja kwenye pampu pamoja na vumbi la gereji. Funga filta ikiwa tupu, uijaze kwa pampu ya mkono. Mkono utachoka, sawa.

Zoea la pili ni lile la kulegeza nati za mabomba. Dizeli yenye bar elfu na zaidi inapenya ngozi na glavu. Jeraha huonekana dogo tu, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu mafuta yameingia ndani ya nyama na mkono unaweza kukatwa. Hata injini ikizimwa, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa mabomba ya reli.

Kuhusu filta za bei poa, filta kuingia kwenye nyuzi si ushahidi kwamba inachuja. Wenye shaka wakate filta iliyotumika kwa msumeno, watandaze karatasi kwenye sinia jeupe. Kutu na ute mweusi vinakueleza habari za tenki na kituo. Ukiona vimeta vya chuma kwenye mafuta yaliyotoka upande wa pampu, pampu inajila yenyewe. Kununua injekta mpya bila kusafisha reli, mabomba na tenki ni kuzitupa. Kwa barabara na vituo vyetu, mimi hubadilisha filta kila kilomita 10,000, vyovyote kitabu kinavyosema.

Ute mweusi nilioutaja una asili yake. Mpakani mwa maji na dizeli huota ukungu na bakteria wanaokula mafuta, na joto la pwani linawafaa. Gari linalotembea kila siku haliwapi nafasi. Jenereta ya hospitali inayosubiri umeme ukatike inawapa miezi mizima, kisha usiku wa upasuaji filta inaziba. Wenye majenereta, mwageni chini ya tenki kila mwezi. Bila maji, wadudu hawa hawaishi.

Maji yanayoingia kwa juu

Nitapita haraka hapa, ingawa kila masika tunaona magari yamezimika kwenye mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam. Kila silinda ya 1HZ ina ujazo wa mililita 694 na uwiano wa mgandamizo wa 22.4 kwa 1. Pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki ni mililita 32 hivi, pungufu ya kikombe cha kahawa cha kijiweni. Maji hayagandamiziki. Yakivutwa kupitia bomba la hewa kuzidi kiasi hicho, fimbo ya pistoni inapinda. Gari likizimikia majini, usipige stata, livutwe.

Nani mwenye ruhusa ya kusimama

Nimewahi kuwauliza madereva kwa nini waliendelea na safari taa ikiwa imewaka. Jibu halikuwa kwamba hawakuiona. "Bosi alikuwa anawahi kikao." Kwa hiyo pendekezo langu la mwisho linawahusu maofisa usafirishaji. Iandikwe, na isainiwe na mkuu wa taasisi, kwamba taa ya maji ikiwaka dereva anasimama na kumwaga bila kuomba ruhusa, abiria awe nani. Kila kujaza kuwe na risiti, na kila gari la safari ndefu libebe chupa safi ya kioo ya kuchukulia sampuli. Dizeli nzuri inang'aa. Ikiwa na ukungu ina maji yaliyotawanyika, na ukiiacha itulie utayaona chini. Mafuta ya taa hayaonekani kwa chupa, ila sampuli na risiti vikiwa pamoja, malalamiko yako yatakuwa na ushahidi. Mtu akikosea akakujazia petroli, usizungushe hata ufunguo. Magari mengine yana pampu ndani ya tenki inayoanza kazi kabla ya stata.

Baada ya chai tutatoka uani. Kuna Hilux mbili na Land Cruiser moja ya zamani, chupa ziko mezani, na kila dereva atamwaga filta kwa mkono wake mwenyewe. Mafundi tutasimama pembeni.