Mlango Usiofungwa

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaelezeni habari za kanisa moja la Anglikana lililo katikati ya mji wa London, nchi ya Uingereza. Jina lake ni St Martin-in-the-Fields, yaani Mtakatifu Martin wa Mashambani, kwa kuwa zamani mahali pale palikuwa mashamba nje ya mji. Sasa hapana shamba hata moja. Pana uwanja mkubwa wa Trafalgar, magari, na umati wa watu wa kila taifa. Jengo tulionalo leo lilijengwa kati ya mwaka 1722 na 1726.

Mtakatifu Martin alikuwa askari. Yasimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali alimkuta maskini langoni mwa mji, akalikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Angalieni: hakumtupia nguo chakavu, bali aligawana naye ile ile aliyoivaa.

Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipokwisha kuanza, padre Dick Sheppard aliwekwa kulitunza kanisa hilo. Karibu yake pana stesheni ya Charing Cross, na askari walipita hapo wakienda vitani Ufaransa na kurudi. Padre akataka milango iwe wazi mchana na usiku. Basi chumba cha chini ya kanisa, kilichozikiwa wafu zamani, kikawa malazi ya walio hai. Tena tarehe 6 Januari 1924, ibada ya kanisa hilo ilitangazwa kwa simu ya upepo, ndiyo redio, nayo ilikuwa ya kwanza kutangazwa hivyo kutoka kanisani Uingereza. Hata mgonjwa kitandani aliisikia.

Lakini kufungua mlango si kazi nyepesi, maana mlango ulio wazi haumchagui aingiaye. Huingia mpole, huingia na mlevi. Wote wataka kula na kulala. Wahenga wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumfukuza, bali kumhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Ndivyo lifanyavyo shirika la The Connection at St Martin's, jirani na kanisa hilo: huwasaidia wasio na makao wapate nyumba na kazi. Na Wachina waliohamia London nao wana ibada humo kwa lugha zao. Si wageni tena.

Nasi tujiulize. Vijana wetu waendao mjini, wakifika usiku bila ndugu, mlango gani utawafungukia? Na mtoto wa mwenzetu akibisha kwetu, tutamjibuje? Tusiseme, Hatuna kitu cha kutoa. Martin naye hakuwa na joho la pili.